Miaka Kumi kwa Bilioni Kumi: Je, Tungekubali?



Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baad.

Baada ya darsa moja ya Alhamisi, tukiwa tunasubiri Isha, ndugu yetu wa mwaka wa kwanza aliuliza swali kwa mzaha: "Mtu akikwambia atakupa franka bilioni kumi, ziwe zako kabisa, lakini kwanza ukae Mpimba miaka kumi, unakubali?" Tulicheka. Mwingine akasema tunyanyue mikono tuone. Upande wa wanaume tulikuwa kumi na tisa, na mikono kumi na mmoja ikapanda. Upande wa dada zetu ilipanda miwili, na mmoja wao akasema baadaye kuwa alikuwa anatania. Ustadh wetu hakucheka. Alinigeukia mimi, kwa kuwa ndiye ninayesoma masomo ya Kiislamu pale, akasema: "Wewe tuletee jibu. Usitutolee kichwani, lete la kwenye vitabu."

Nimechelewa wiki tatu kulileta, na sikuchelewa kwa uvivu. Mimi mkono wangu sikuunyanyua usiku ule, lakini si kwa sababu nilikuwa na elimu kuliko wale kumi na mmoja. Nilikuwa nimeshaulizwa swali hilohilo mwaka juzi, na aliyeniuliza hakuwa anafanya mzaha.

Tulisoma madrasa pamoja Buyenzi, yeye na mimi, tukiwa bado tunabeba misahafu yetu ndani ya mifuko ya plastiki. Alipomaliza sekondari alipata kazi kwenye duka la kutuma pesa karibu na soko la Ruvumera. Siku moja aliniambia kuna watu wanatafuta vijana wenye karangamuntu safi. Unawapa jina lako, wanafungua laini na akaunti, pesa zinaingia na kutoka, na wewe hugusi kitu. Malipo yalikuwa franka milioni tatu. Nilimuuliza pesa hizo ni za nani. Akasema, "Hayo si ya kwetu. Ikiharibika sana utakaa ndani miezi michache, utoke na mtaji wako." Ndugu msomaji, sikumwambia hapana. Nilimwambia nitafikiri, na nilifikiri siku mbili nzima. Siku ya tatu nilimkwepa. Yeye alikwenda peke yake.

Kwa hiyo hesabu ya wale kumi na mmoja naielewa vizuri. Una miaka ishirini na mbili, utatoka ukiwa na thelathini na miwili, bado una nguvu. Kila mwaka umelipwa bilioni moja. Mwalimu wa shule hapati kiasi hicho hata akifundisha mpaka azikwe. Ukiiweka karatasini, hesabu inakubali.

Kasoro ya kwanza ni kwamba wanaoipiga hesabu hiyo wote wako nje. Tukitaka kujua bei ya kitu, tumuulize aliyekikosa.

Majirani zetu wa Tanzania walifanya jambo mwaka 2019 ambalo kwangu mimi ni kama mtihani wa swali letu. Tarehe 22 Septemba mwaka huo Rais John Magufuli alishauri kwamba watuhumiwa wa uhujumu uchumi na utakatishaji fedha wapewe siku saba: anayekubali kukiri na kurudisha fedha, afikiriwe kuachiwa. Ifahamike kuwa mashtaka ya utakatishaji fedha kule hayakuwa na dhamana, mtu anakaa rumande mpaka kesi iishe. Zile siku zilipokwisha, Mkurugenzi wa Mashtaka alitangaza kuwa watu 467 wameandika barua wakiwa tayari kurudisha zaidi ya shilingi bilioni 107. Kati ya watu mashuhuri waliokuwa ndani wakati ule alikuwemo Harbinder Singh Sethi, mfanyabiashara wa kesi ya akaunti ya Escrow ya Tegeta. Alikamatwa Juni 2017, akatoka Juni 2021, miaka minne baadaye, baada ya kukubaliana na upande wa mashtaka kulipa fidia ya takriban shilingi bilioni 26.9.

Sisemi kwamba wote 467 walikuwa wezi. Mtu aliyechoka rumande anaweza kukiri asilolifanya ili alale kwake, na hilo lenyewe ni ushahidi wa ninachokisema. Sisi huku tunauliza tutalipwa kiasi gani ili tuingie, na wao kule ndani wanauliza walipe kiasi gani ili watoke. Sijasikia mtu aliyemo ndani akiomba aongezwe miaka ili aongezwe pesa.

Jambo hili tunalo katika sira. Thumama bin Uthal (r.a.), bwana wa watu wa Yamama, alikamatwa na wapanda farasi wa Waislamu akafungwa kwenye nguzo ya Msikiti wa Madina. Mtume (s.a.w.) alimpitia akamuuliza ana nini cha kusema. Jibu lake, kama lilivyopokewa na Bukhari na Muslim, lilikuwa na mambo matatu: ukiniua, umemuua mtu ambaye damu yake ina wa kuidai, ukinifanyia wema, umemfanyia anayeshukuru, na kama unataka mali, sema utakacho. Huyo ni tajiri, mkubwa wa kabila, na siku ya kwanza tu ya kufungwa alikuwa tayari kutaja mali bila kikomo. Siku ya tatu Mtume (s.a.w.) aliamuru aachiwe, na hakuchukua hata dirhamu moja. Thumama akaenda kwenye bustani ya mitende iliyokuwa karibu, akaoga, akarudi msikitini akasilimu.

Kasoro ya pili ndiyo iliyonichukua muda zaidi vitabuni. Nilitafuta katika sheria yetu mahali ambapo mtu anaruhusiwa kutoa uhuru apate mali. Sikupata. Nilichokutana nacho kila nilipofungua ni kinyume chake: mali inatolewa ili uhuru upatikane. Katika Surat at-Tawba aya ya 60, mafungu ya zaka ni manane, na mojawapo ni la kuzikomboa shingo. Kafara ya kiapo ina kumwacha huru mtumwa ndani yake. Kafara ya kuua kwa bahati mbaya, vilevile. Ya dhihari, vilevile. Surat al-Balad inapoieleza ile njia ngumu ya kupanda, jambo la kwanza inalolitaja ni kuikomboa shingo, kabla hata ya kumlisha yatima siku ya njaa. Mali ni ya kutumika, uhuru ndio unaonunuliwa kwa mali hiyo.

Kisa cha Salman al-Farisi (r.a.) wengi tunakijua kwa upande wa kuitafuta haki, nchi kwa nchi. Tunapita haraka sehemu ya bei. Salman alikuwa Muislamu pale pale Madina, lakini alikuwa mtumwa wa Myahudi mmoja wa Banu Quraydha, na utumwa ule ulimfanya aikose Badr na aikose Uhud. Hebu fikiria: mtu aliyevuka nchi zote zile kumtafuta Mtume, amempata, wako mji mmoja, na vita viwili vinampita kwa sababu hana ruhusa ya kutoka. Mtume (s.a.w.) akamwambia aandikiane na bwana wake. Bei ikawa mitende mia tatu ya kupandwa na uqiya arubaini za dhahabu. Maswahaba wakachangia miche, huyu thelathini, huyu ishirini, huyu kumi, kila mmoja kwa uwezo wake, na Mtume (s.a.w.) akaipanda kwa mkono wake. Vita vya kwanza vya Salman vikawa Khandaq. Hakuna aliyemwambia kwamba mitende mia tatu ni ghali.

Halafu kuna kanuni ya mafakihi kwamba mtu huru si mali, na kumuuza ni batili. Katika hadithi qudsi iliyomo ndani ya Bukhari, Allah anawataja watu watatu ambao Yeye mwenyewe atakuwa mgomvi wao Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni yule aliyemuuza mtu huru akala thamani yake. Nikajiuliza: na akijiuza mwenyewe? Mafakihi wanasema radhi yake haibadilishi kitu, kwa sababu uhuru wa mwanadamu una haki ya Allah ndani yake. Si kanzu yake kwamba akitaka ataivua aiuze. Sasa, ndugu yetu wa mwaka wa kwanza aliweka sharti kwamba bilioni kumi ni halali. Katika ijara mtu analipwa kwa manufaa anayoyatoa: umejenga, umefundisha, umelinda. Huyu anayekulipa ukae Mpimba ananunua manufaa gani? Hakuna kazi pale isipokuwa kufungwa kwenyewe. Kwa hiyo mimi naona inaelekea zaidi kwenye kumuuza mtu huru kuliko kwenye ujira. Hii ni qiyasi yangu mwanafunzi. Mwenye elimu zaidi anirekebishe, na ukurasa huu uko wazi.

Mfungwa aliyedhulumiwa ana udhuru. Ijumaa haimlazimu, hija haimlazimu, wazazi hawezi kuwahudumia na hatalaumiwa. Lakini aliyejipeleka mwenyewe, akaitupa Ijumaa ya miaka kumi, ambayo ni zaidi ya Ijumaa mia tano, kwa malipo, atasema udhuru gani? Mtume (s.a.w.), katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi, ametueleza kwamba mja ataulizwa umri wake ameumaliza katika nini, na mali yake ameipata wapi na ameitoa wapi. Wale kumi na mmoja wamejiandalia jibu la mali. La umri hawana.

Baada ya kuyasema haya kwa ustadh, dada mmoja aliyekuwa anasikiliza alinipinga vizuri sana. Alisema: "Kaka, mbona Nabii Yusuf (a.s.) alichagua jela?" Kweli. Aya ya 33 ya Surat Yusuf inatueleza alivyomwomba Mola wake, kwamba jela ilikuwa kipenzi kwake kuliko lile waliloliitia wale wanawake. Pinzani hili ni zito, na lilinirudisha nyuma siku kadhaa.

Tazama lakini kilichokuwa upande wa pili wa mizani. Yusuf alikuwa katika nyumba ya mheshimiwa wa Misri, mwenye nyumba anamtaka, raha yote iko mbele yake. Angekubali, asingefungwa. Alitoa raha ya dunia akachukua jela ili dini yake ibaki. Sisi tunataka kuchukua jela ili tupate raha ya dunia. Njia ni ile ile, sisi tunaipita kinyumenyume. Na hata yeye hakuipenda jela kwa ajili ya jela: alimwambia mwenzake aliyekuwa anatoka amkumbuke kwa bwana wake. Tena mjumbe wa mfalme alipokuja kumtoa, alikataa kutoka mpaka jambo la wale wanawake lichunguzwe, asafishwe jina. Mtume wetu (s.a.w.) amesema kwamba lau angekaa jela muda aliokaa Yusuf, angemwitikia yule mjumbe. Mtume anatufundisha adabu kwa nabii mwenzake, na pia anatuonyesha kuwa muda ule haukuwa mwepesi.

Kuna mwingine ambaye kisa chake kinanigusa zaidi kwa kuwa kinahusu biashara. Muhammad bin Sirin, tabiina wa Basra aliyefariki mwaka 110 Hijria, alikuwa mfanyabiashara. Katika riwaya iliyo mashuhuri, alinunua mafuta kwa mkopo wa dirhamu elfu arubaini, akakuta panya katika chombo kimoja. Akahofia kwamba panya yule alikuwa kwenye shinikizo, mafuta yote yameguswa. Angenyamaza, nani angejua? Aliyamwaga yote. Deni likamshinda akafungwa. Askari wa jela, kwa kumheshimu, alimwambia: nenda kalale nyumbani usiku, urudi asubuhi. Akakataa, akasema hatamsaidia kumfanyia khiyana mtawala. Na sahaba Anas bin Malik (r.a.) alipofariki alikuwa ameusia Ibn Sirin ndiye amwoshe. Amiri akatoa ruhusa. Ibn Sirin akasema wewe hukunifunga, aliyenifunga ni mwenye deni. Hakutoka mpaka mwenye deni aliporidhia. Alimwosha, akamswalia, akarudi jela bila kupitia kwa watu wake.

Dirhamu elfu arubaini mkono mmoja, jela mkono wa pili. Ibn Sirin aliulizwa swali letu kabisa, akalijibu kwa kumwaga mafuta.

Pingamizi la mwisho ndilo gumu, na sitajifanya nimelimaliza. Mmoja wa wale kumi na mmoja, ndugu kutoka mkoani ambaye analala njaa baadhi ya siku na sisi tunajua, aliniambia: "Mimi si kwa ajili yangu. Mama yangu angejengewa. Wadogo zangu wangesoma." Hili halijibiwi kwa kisa cha Qarun. Umaskini upo, na Mtume (s.a.w.) alikuwa akijikinga kwa Allah nao. Ninachoweza kumwambia ni kwamba ile bilioni kumi halali ipo kwenye mzaha wa baada ya darsa tu. Huku mjini, pesa inayokuja pamoja na jela huwa imetoka mahali, na sheria ikikushika huifuata. Desemba 2023 Mahakama ya Juu ilimhukumu kifungo cha maisha aliyekuwa Waziri Mkuu wetu, Alain-Guillaume Bunyoni. Miongoni mwa mashtaka, ambayo yeye aliyakana, kulikuwa na kujitajirisha kinyume cha sheria, na mali zake, nyumba na magari, ziliamriwa kutaifishwa. Kama mtu wa cheo kile hakubakiwa na kimoja kati ya viwili, kijana wa laini ya simu atabakiwa na nini cha kumjengea mama yake?

Tena ile hesabu ya miaka thelathini na miwili inachukulia kwamba utatoka. Mpimba ilijengwa kwa ajili ya watu 800, na imekuwa ikibeba mara kadhaa ya idadi hiyo. Alfajiri ya tarehe 7 Desemba 2021 gereza la Gitega liliwaka moto, na serikali ikatangaza watu 38 wamefariki. Miongoni mwa wafungwa wale kulikuwa na waliobakisha muda mfupi. Allah awarehemu waja wake.

Mtume (s.a.w.) amesema maana yake kwamba anayeamka na amani katika watu wake, na afya mwilini, na chakula cha siku yake, ni kana kwamba amekusanyiwa dunia yote. Yule ndugu wa mkoani chakula cha siku wakati mwingine hana, na hilo ni deni letu sisi tunaoswali safu moja naye. Nimeshazungumza na mweka hazina wa jumuiya.

Na rafiki yangu? Ana miezi kumi na minne ndani, na hukumu bado. Zile milioni tatu alipata moja tu. Ilikwenda kwa wakili na kwa nauli za mama yake, ambaye Jumamosi kwa Jumamosi anampelekea chakula, yale ambayo kwa Kirundi tunaita kugemurira, maana maharage na unga wa muhogo wa gerezani haumtoshi. Mimi nilichukua miezi mitano kabla ya kwenda kumwona. Niliona haya. Nilikuwa nafikiri ataniuliza kwa nini sikumzuia, na jibu langu lilikuwa kwamba sikumzuia kwa sababu na mimi nilikuwa napiga hesabu.

Hakuniuliza. Aliniuliza kama mwembe wa pale madrasani bado upo. Nilimwambia waliukata kupanua darasa. Akanyamaza, akaniuliza walitumia msumeno au shoka, ulianguka upande gani, watoto walikuwepo. Nilimweleza kila kitu. Aliporidhika nikamsimulia swali la bilioni kumi na mikono kumi na mmoja. Nilidhani atacheka. Alisema: "Waambie waje mimi niwape zamu yangu bure."

Jumamosi hii tunakwenda tena. Tunaruhusiwa kuingiza chakula kilichopikwa, sabuni na vitabu visivyo na jalada gumu. Mwenye mchele au mafuta ya kupikia anione baada ya Alasiri, siku ya Ijumaa, kwenye ngazi za msikiti. Dada zetu wamkabidhi katibu wao. Juzuu Amma tunazo za kutosha. Kinachokosekana ni sabuni.